Sevisi na matengenezo ya pikipiki katikati ya safari ndefu: nimtegemee wakala au nijipange mwenyewe?

Msafiri_Masafa (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, naomba ushauri wa wale waliokwisha kusafiri mbali kwa pikipiki, na hasa wale wanaofahamu jinsi karakana za mawakala rasmi zinavyopanga kazi zao.

Natarajia kuanza safari ya takriban kilomita 16,000, itakayonichukua kama miezi miwili na kunipitisha katika nchi kadhaa. Pikipiki yangu ni ya silinda mbili, inatumia cheni, matairi yake hayana tyubu, na hadi sasa imetembea kilomita 9,000. Waranti ya kiwanda bado haijaisha. Kitabu chake kinataka sevisi kila kilomita 12,000 au kila mwaka, kinachotangulia kati ya hivyo viwili, na ukaguzi wa nafasi za valvu kila kilomita 24,000. Kwa hesabu hiyo, sevisi ya kwanza itaniangukia muda mfupi tu baada ya kuondoka, na ile kubwa ya valvu itaniangukia karibu na mwisho, nikiwa bado mbali na kwangu. Tairi la nyuma nalo, kwa jinsi ninavyoliona likilika, sidhani kama moja litazidi kilomita 9,000 likiwa limebeba masanduku yaliyojaa.

Wakala aliyeniuzia ananihakikishia kwamba mtandao wao uko kila mahali na kwamba nitaingia popote nikahudumiwa siku hiyo hiyo. Mwenzangu aliyesafiri mwaka jana anacheka anaposikia hayo, kwa sababu alipofika kwa wakala wa jina hilo hilo alipewa miadi ya wiki tatu mbele. Sasa sijui nimwamini nani. Je, nifanye sevisi mapema kabla ya kuondoka, hata kama kilomita hazijatimia? Nikifanyiwa sevisi na fundi wa kawaida huko njiani, waranti yangu itakuwa salama? Na ni vipuri gani hasa vinavyostahili kubebwa, ukizingatia kwamba kila kilo ninayoongeza nitaibeba kwa kilomita zote hizo?

Mzee_wa_Mapokezi

Ndugu Msafiri, nilifanya kazi kwenye dawati la mapokezi la karakana ya wakala kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakueleza mambo jinsi yanavyoonekana kutoka upande wa pili wa meza.

Wakala wako na mwenzako wote wawili wamesema kweli, ila kila mmoja amesema nusu. Karakana huuza saa za mafundi. Kila kazi ina saa zake zilizokwisha kukadiriwa na kiwanda, na mpokeaji anapokuandikia miadi anajaza saa hizo katika ratiba ya mafundi waliopo. Msimu wa kuendesha unapoanza, ambapo katika nchi zenye baridi kali kila mtu anaitoa pikipiki yake stoo wiki moja na mwenzake, ratiba hiyo hujaa kwa wiki nyingi. Anayeingia mlangoni bila taarifa na kuomba sevisi kubwa ataambiwa asubiri, na haitakuwa roho mbaya. Lakini karakana nyingi zinazojiendesha vizuri huacha upenyo kidogo kila siku kwa ajili ya dharura, na msafiri aliye mbali na kwao huhesabiwa kuwa dharura, mradi kazi yake ni fupi na vipuri vyake viko tayari rafuni.

Hilo la vipuri ndilo watu wengi hawalifahamu. Kinachokwamisha pikipiki ya msafiri mara nyingi ni tairi la saizi yake ambalo halipo, au seti ya pedi ambayo lazima iagizwe kutoka bohari kuu, ilhali fundi yupo. Kwa hiyo usiishie kupiga simu dawati la huduma peke yake. Omba kuunganishwa na dawati la vipuri, wape namba ya chesi yenye tarakimu na herufi 17, taja tairi unalotaka kwa vipimo vyake kamili, na omba viagizwe na viwekwe kwa jina lako. Jitolee kulipa sehemu ya fedha hapo hapo. Karakana iliyokwisha kupokea malipo na yenye boksi lenye jina lako kaunta itakutafutia nafasi, kwa kuwa boksi lile linawakalia kaunta hadi utakapofika.

Kuhusu hesabu zako, mimi ningezipanga upya ili kituo kikubwa kiwe kimoja tu. Fanya sevisi ya kilomita 12,000 sasa, kabla hujaondoka, na ufunge matairi mapya yote mawili. Kuwahi kwa kilomita 3,000 hakuharibu waranti. Kinachoiharibu ni kuchelewa. Kisha chagua mji mkubwa ulio katikati ya njia, kama kilomita 8,000 baada ya kuondoka, ambapo tairi la nyuma litakuwa limekaribia mwisho wake. Hapo ubadilishe tairi, oili na filta, wakague cheni na pedi, na uendelee na safari. Sevisi ya valvu ningeisogeza hadi nitakaporudi, maana utarejea ukiwa na kilomita 25,000 na utakuwa umepitiliza kwa 1,000 tu. Lakini usijisogezee mwenyewe kimya kimya. Waandikie barua pepe huduma kwa wateja ya kiwanda, waulize kama wanakubali kupitiliza kwa kiasi hicho wakati wa safari, na jibu lao ulitunze. Baadhi ya viwanda huandika kiwango cha kuvumiliana ndani ya kitabu chenyewe, kwa hiyo kisome kwanza.

Yako mambo mengine madogo ambayo humfanya fundi akupende au akuchukie. Fika asubuhi karakana inapofunguliwa, kwa sababu ukifika saa tisa alasiri kazi yako ni ya kesho hata kama ni ya dakika arobaini. Vua masanduku na mifuko yote mwenyewe. Ioshe pikipiki kwanza, au angalau uondoe tope kwenye magurudumu na chini ya injini. Fundi anayelazimika kukwangua tope kabla ya kuiona bolti anakutoza muda huo. Kumbuka pia kwamba katika nchi nyingi za Ulaya na huko Marekani mawakala wengi wa pikipiki hufunga Jumatatu, kwa kuwa Jumamosi wanafanya kazi. Usipange kufika Jumamosi mchana ukidhani utahudumiwa siku ya pili yake.

Na kama kazi ya valvu itabidi ifanyike njiani, pikipiki ilale karakanani usiku mmoja kabla ya kazi. Nafasi za valvu hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, na injini uliyoiendesha asubuhi ile kufika hapo haitapoa vya kutosha kabla ya mchana. Waulize pia kama wana sanduku la shimu, yaani vipande vyembamba vya chuma vya kurekebishia nafasi za valvu, za kipenyo cha injini yako. Fundi akishafungua, akapima, akakuta valvu mbili zimebana na shimu za kuzirekebisha hazipo, pikipiki itabaki wazi juu ya stendi mpaka zifike.

Kijana_wa_Lami

Mzee, kwa heshima zote, naona umemsumbua bure. Mawakala ni mabingwa wa kukuza bili. Mimi nimezunguka bila kukanyaga kwa wakala hata mmoja. Oili nanunua kituo chochote cha mafuta, ile ile ya magari, nabadilisha mwenyewe kando ya barabara, na maisha yanaendelea. Pikipiki ni chuma na mafuta. Fundi yeyote mwenye spana anaiweza.

Fundi_Beringi

Kaka Kijana, kwenye suala la kujitegemea niko pamoja nawe, lakini kwenye oili nakupinga kabisa, na naomba Ndugu Msafiri asiifuate sehemu hiyo.

Pikipiki nyingi zenye gia hutumia oili moja kwa injini, gia na klachi, na klachi yenyewe inaogelea ndani ya oili hiyo. Oili nyingi za kisasa za magari, hasa zile nyepesi zilizotengenezwa ili kubana matumizi ya mafuta, zina kemikali za kupunguza msuguano. Kemikali hizo zinafaa kwenye gari, lakini kwenye klachi ya pikipiki zinaweza kufanya sahani ziteleze: unaongeza mafuta, injini inapiga kelele, mwendo hauongezeki. Kinachotafutwa ni alama ya JASO (kiwango cha Kijapani cha oili) MA au MA2 iliyochapishwa nyuma ya kopo. JASO MB haikufai. Hiyo ni ya skuta ambazo klachi yake ni kavu. Ukipata kopo lenye JASO MA2 na unene ulioandikwa kwenye kitabu chako, jina la kampuni lisikusumbue kichwa.

Sasa nirudi kwenye swali la vipuri, kwa kuwa hapo ndipo wasafiri wengi wanapojibebesha duka zima. Swali la kwanza la kujiuliza ni kama kipuri hicho ni cha pikipiki yako peke yake au ni cha dunia nzima. Vitu vya dunia nzima huna haja ya kuvibeba.

Chukua beringi za magurudumu. Zikianza kulia ukiwa mahali pasipo na wakala, watu wengi hudhani wamekwama, kumbe beringi hizo ni za kiwango cha viwandani na namba zake zimechorwa ubavuni. Beringi ya 6204 ni milimita 20 kwa 47 kwa 14, iwe imetoka kwenye boksi la kiwanda cha pikipiki au kwenye duka linalouza beringi za pampu za maji na mashine za kusaga. Zile herufi 2RS zinazofuata maana yake imefunikwa kwa sili za mpira pande zote mbili. Unachohitaji ni kuandika namba za beringi zako zote, mbele, nyuma na kwenye kibebeo cha sproketi (gurudumu la meno linalovutwa na cheni), kwenye karatasi moja kabla ya kuondoka. Plagi za kuwashia injini ni hivyo hivyo, namba yake ni lugha inayoeleweka kote. Cheni pia: namba 520, 525 na 530 zote zina umbali ule ule wa milimita 15.875 kutoka pini hadi pini, zinatofautiana kwa upana. Ukiijua namba yako na idadi ya viungo, duka lolote linalojiheshimu litakuuzia. Mafuta ya breki ya DOT 4 yanapatikana popote penye magari, na DOT 5.1 yanaingiliana nayo. DOT 5 isiyo na hiyo nukta moja ni ya silikoni. Hiyo usiichanganye hata tone.

Vya kubeba ni vile ambavyo ni vya pikipiki yako tu, ni vyepesi, na kukosekana kwake kunakusimamisha. Kwangu mimi hivyo ni mkono mmoja wa klachi na mmoja wa breki, kebo ya klachi kama yako si ya mafuta, seti moja ya pedi, filta ya oili, kiungo cha cheni na fyuzi za kila saizi. Kebo ya klachi usiiweke ndani ya mfuko: ipitishe kando ya ile inayofanya kazi, uifunge kwa tepu, ncha zake uzizibe zisiingie vumbi. Ikikatika ile ya kwanza, unahamisha ncha mbili tu na unaondoka. Kuhusu kiungo cha cheni, kiwanda huenda kimefunga cha kugongewa, nacho kinahitaji kifaa maalumu. Kwa dharura beba cha klipu kinacholingana na cheni yako, ukikumbuka kwamba upande uliofumba wa klipu huelekea kule cheni inakokwenda.

Kitu kimoja ambacho sijaona kikisemwa mara nyingi ni kifaa cha heksi, yaani cha pembe sita, cha kufungulia ekseli ya mbele. Pikipiki nyingi za siku hizi ekseli yake ya mbele haina kichwa cha nati. Ina tundu la pembe sita ndani, mara nyingi la milimita 17, 19 au 22. Maduka ya matairi ya magari hayana kifaa hicho. Nimeona tairi jipya likiwa mkononi, fundi yuko tayari, na gurudumu halitoki kwa kukosa kipande cha chuma kinachoingia mfukoni. Pima la kwako, nunua, beba. Ukiwa nacho unaweza kulitoa gurudumu mwenyewe na kulipeleka peke yake. Wapo wauza matairi wengi wasiotaka kuigusa pikipiki nzima kwa hofu ya kuiangusha, lakini gurudumu lililokwisha kutolewa watalibadilisha bila maneno.

Tairi lenyewe usilinunue kwa vipimo vya upana na kipenyo tu. Angalia herufi ya mwendo, ambapo H ni hadi kilomita 210 kwa saa, V ni 240 na W ni 270, na namba ya uzito inayotangulia herufi hiyo, kwa sababu wewe utakuwa na mizigo. Angalia pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi (si ile ya mafuta ya breki): mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Dukani ambako tairi za pikipiki haziuziki sana, usishangae kukuta tairi ambalo halijatumika hata siku moja lakini mpira umekwisha kukakamaa.

Kwenye suala la valvu, Mzee, natofautiana nawe kidogo. Valvu iliyolegea hupiga kelele na kila mtu anaisikia. Inayobana haina kelele yoyote, na ndiyo inayoungua. Kwa hiyo kama kiwanda hakitatoa jibu la maandishi, mimi ningeifanya kazi hiyo kwenye kile kituo cha katikati, hata kama ni mapema kwa kilomita 7,000, nilipe mara moja, na nusu ya pili ya safari nisiwe na deni.

Mzee_wa_Mapokezi

Fundi, nakubali hoja yako, ila kumbuka kwamba kazi ya valvu kwa wakala asiyemfahamu mteja inaweza kugeuza kituo cha siku moja kuwa cha siku tatu. Kama ratiba yake inaruhusu, sawa. Kama hairuhusu, barua pepe ya kiwanda ndiyo njia.

Msafiri_Masafa

Nawashukuru sana. Nimekisoma tena kitabu changu na sijaona kiwango chochote cha kuvumiliana, kwa hiyo nitawaandikia kiwanda leo hii. Namba za beringi na saizi ya heksi ya ekseli nimekwisha kuzichukua. Ni milimita 19, nami nisingelijua hilo.

Naomba nisaidiwe mambo mawili yaliyobaki. La kwanza ni waranti, iwapo fundi asiye wakala atabadilisha oili. La pili ni kuharibikiwa kabisa, yaani pikipiki imezima na wakala wa karibu yuko kilomita 400. Nina kadi ya msaada wa barabarani, lakini sijui niitegemee kwa kiasi gani.

Mzee_wa_Mapokezi

Waranti kwanza. Sheria hutofautiana kati ya nchi na nchi. Marekani, kwa mfano, ina sheria ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss, inayomkataza mtengenezaji kufunga waranti kwa sharti kwamba utumie huduma au vipuri vya jina lake, isipokuwa anapokupa vitu hivyo bure. Kwingine unafungwa na maneno ya waranti yenyewe, kwa hiyo yasome maneno hayo. Lakini mahali popote pale, mzozo huamuliwa kwa ushahidi. Fundi wa nje akikubadilishia oili, hakikisha una risiti yenye tarehe, kilomita zilizosomeka, namba ya chesi, aina ya oili pamoja na ile alama ya JASO, na namba ya filta. Piga picha ya kioo cha kilomita na ya kopo la oili vikiwa pamoja. Kazi ya waranti yenyewe, yaani kubadilishiwa kilichoharibika bila malipo, hiyo haifanywi na fundi wa nje. Kwa hilo utahitaji wakala, na ni vyema uulize kabla ya kuondoka kama waranti yako inatambuliwa nje ya nchi uliyoinunulia.

Taa ya kukumbusha sevisi inaweza kuendelea kuwaka baada ya fundi wa nje kumaliza kazi, kwa sababu katika pikipiki nyingi huzimwa kwa mashine ya kusomea kompyuta ya injini. Haiizuii pikipiki kutembea. Usimruhusu mtu akate waya kwa ajili yake.

Ingiza pia namba yako ya chesi kwenye tovuti ya kiwanda sasa hivi uone kama pikipiki yako imo katika orodha ya zinazoitwa kurekebishwa kasoro. Kwa kawaida kazi hiyo haina malipo, na ni afadhali ifanyike hapo ulipo, ambapo unaweza kusubiri kipuri ukiwa nyumbani.

Dada_wa_Nyaya

Kaka Msafiri, nitajibu lile la pili, kwa kuwa kazi yangu ni umeme wa pikipiki na wengi wanaoletwa kwangu juu ya gari la kubeba hawakustahili kubebwa.

Soma kwanza masharti ya kadi yako. Mengi husema utapelekwa kwa wakala au karakana ya karibu, na maana yake ni ya karibu kwa kilomita, hata kama haina uwezo wala nafasi. Kadi nyingine zina kikomo cha umbali, nyingine hazihesabu pancha kuwa ni kuharibikiwa, na nyingine hazikufuati ukiwa umetoka nje ya barabara ya lami. Kabla gari halijafika, wapigie simu wewe mwenyewe karakana mbili tatu, ujue ni ipi itakayokupokea, kisha umwambie dereva jina lake. Ukinyamaza, atakushusha mahali panapomrahisishia yeye.

Lakini kabla ya kuita gari, beba mita ndogo ya umeme na ujifunze vipimo vitatu. Pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika, betri ya kawaida iliyojaa husoma volti 12.6 hadi 12.8. Injini ikiwaka na kuzungushwa kati ya mizunguko 3,000 na 5,000 kwa dakika, pale pale kwenye betri inatakiwa isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikipanda kupita 15, rektifaya, yaani kifaa kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye betri, imeshindwa kuuzuia umeme na itaichemsha betri. Ikibaki chini ya 13, betri haichajiwi, na hapo kubadilisha betri, kama wengi wanavyokimbilia kufanya, kunakununulia saa chache tu.

Kipimo cha tatu ndicho kitakachokuambia uagize nini. Fuata nyaya tatu zinazotoka kwenye koili ya kuchaji. Mara nyingi zote ni za njano, au zote ni nyeupe. Zifungue pale zinapoingia kwenye rektifaya. Kabla ya mita, tazama plagi yenyewe inayounganisha nyaya hizo: ikiwa plastiki imekuwa ya kahawia na imeyeyuka pembeni, tatizo huenda liko hapo hapo, na kwa kukata, kusafisha na kuunga upya unaweza kuendelea na safari. Kama plagi ni nzima, weka mita kwenye umeme wa AC, washa injini, na pima waya wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, wa kwanza na wa tatu. Vipimo vyote vitatu vinatakiwa vilingane na vipande pamoja kadiri unavyoongeza mafuta. Kimoja kikibaki nyuma, koili imeungua. Kisha zima injini na upime kama waya wowote kati ya hizo unawasiliana na bodi ya pikipiki. Ukiwasiliana, koili imeungua vile vile. Vyote vikiwa sawa, mtuhumiwa ni rektifaya.

Faida ya kujua hilo ukiwa kando ya barabara ni kwamba unampigia wakala aliye kilomita 400 ukimwambia unataka kipuri gani, chenye namba gani kutoka kwenye mchoro wa vipuri wa pikipiki yako, badala ya kumwambia imezima. Mchoro huo pakua kwenye simu kabla hujaondoka, kwa sababu panapoharibika huwa hapana mtandao. Kama kipuri kitatoka nchi nyingine, omba kitumwe kwa jina la karakana. Kifurushi kinachotumwa kwa msafiri hotelini hukwama forodhani kwa urahisi zaidi kuliko kile cha biashara yenye hesabu zake za kodi, na karakana imezoea kupokea vifurushi.

Kama betri haichajiwi lakini ina nguvu, unaweza bado kusogea. Zima kila kinachokula umeme ambacho sheria inakuruhusu kukizima: vipasha joto vya mishikio, taa za ziada, chaja ya simu. Usizime injini njiani, maana kuiwasha upya ndiko kunakokula betri kuliko kitu kingine chochote.

Kijana_wa_Lami

Dada, hiyo ya nyaya tatu nimeinakili. Na Fundi, nimeligeuza kopo langu la oili. Halina JASO yoyote.

Fundi_Beringi

Basi limwage, kaka, na klachi ikiwa bado haijaanza kuteleza kuna uwezekano mkubwa hutaona madhara yoyote. Zikianza kuteleza baada ya hapo, sahani ni kitu kinachobadilishwa, si mwisho wa injini.

Ndugu Msafiri, nimekumbuka moja zaidi. Cheni yako itakuwa imetembea kilomita 9,000 unapoondoka na 25,000 unaporudi. Kabla ya kuondoka, ivute kwa vidole pale nyuma kabisa ya sproketi ya nyuma. Ikiachana na meno kiasi cha kuonyesha karibu nusu ya jino, badilisha seti nzima sasa, cheni na sproketi zote mbili. Kama haiachani, zungusha gurudumu polepole na upime ulegevu wake mahali kadhaa. Ikilegea mahali pamoja na kukaza pengine kwa tofauti kubwa, imeanza kuvutika bila usawa na haitamaliza safari, hata kama kwa macho inang'aa. Ukirekebisha, fuata kipimo cha kitabu chako na uzingatie kama kinapimwa ikiwa juu ya stendi ya pembeni au gurudumu likiwa juu, kwa sababu pikipiki zenye shokapu ndefu zinahitaji ulegevu mkubwa zaidi, na cheni iliyokazwa mno huivuta beringi ya sproketi ya mbele kila unapopita shimo ukiwa na mizigo.

Msafiri_Masafa

Nimepima: haiachani na meno na ulegevu unakaribia kulingana pote. Kiwanda wamenijibu pia, na wamekubali kwa maandishi nipitilize hadi kilomita 1,000 kwa kazi ya valvu, mradi sevisi ya sasa ifanyike kwa wakala. Nimekwisha kuipangia siku. Dawati la vipuri la wakala wa mji wa katikati wamepokea malipo ya tairi la nyuma na filta, na wameniandikia asubuhi ya Jumatano. Kuna kitu chochote nilichokisahau?

Dada_wa_Nyaya

Ufunguo wa pili. Pikipiki yenye ufunguo wa chipu haiwaki kwa ufunguo uliochongwa sokoni, na wakala atahitaji kuisajili chipu mpya kwenye kompyuta ya injini, kazi ambayo inaweza kuchukua siku kadhaa na wakati mwingine humtaka awe na ufunguo wa zamani au namba ya siri uliyopewa siku ya ununuzi. Namba hiyo iandike mahali unapoweza kuifikia kutoka mbali. Ufunguo wenyewe usiuweke ndani ya sanduku ambalo linafunguliwa kwa ufunguo huo huo, na usiufiche karibu na swichi, kwa kuwa chipu mbili zikikaribiana baadhi ya pikipiki hukataa kuwaka. Ushonee ndani ya koti.